Kijiji Kinachouza Usingizi: Wiki Robin Hood's Bay na Mama Mdogo

JUMATATU

Treni ya Leeds kwenda Scarborough hupitia York, na tulipofika York Mama mdogo alikuwa ameshauliza mara kadhaa kama huko tuendako bahari ipo kweli. Kazaliwa Pangani, kakulia Pangani, anauza pweza na dagaa hapo hapo Pangani. Kukaa nyumbani kwangu Leeds akitazama mvua dirishani kulikuwa kumemchosha. "Baba, nipeleke nikaone maji ya chumvi, hata kama ni ya baridi." Ningeweza kumpeleka Blackpool akaone mataa na mabembea, lakini nikaona mchuuzi wa samaki apelekwe kijiji cha wavuvi, Robin Hood's Bay, pwani ya mashariki ya Uingereza.

Scarborough tukapanda basi la X93 linalokwenda Whitby. Njia inapanda na kushuka pembezoni mwa nyika za North York Moors, vichaka vya rangi ya zambarau upande mmoja, na upande wa pili ilipaswa kuwa bahari. Hatukuiona. Ukungu mzito ulikuwa umepanda kutoka majini, ule ambao wenyeji wa pwani hii wanauita fret, ukafunika kila kitu hadi kwenye uzio wa barabara. Mama mdogo akanitazama kwa jicho la mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Basi linakushusha juu ya kijiji. Robin Hood's Bay, ambayo wenyeji wanaikatisha na kusema Bay tu, ni vijiji viwili kwa hakika. Juu kuna nyumba kubwa zenye madirisha mapana, nyingi zikiwa za tangu reli ilipofika mwaka 1885. Reli yenyewe ilifungwa 1965, na penye stesheni sasa ni maegesho ya magari. Chini, kwenye korongo linaloishia baharini, ndicho kijiji cha zamani: nyumba za mawe na vigae vyekundu, zimebanana kama dagaa kwenye tenga. Magari ya wageni hayaruhusiwi kushuka. Unaacha gari juu, unashuka kwa miguu, na kurudi ni kwa miguu hiyo hiyo.

Kabla ya mteremko kuna kibao cha kumbukumbu ambacho nilimsomea Mama mdogo, na kikamsimamisha kwa muda mrefu. Januari 1881 merikebu iitwayo Visiter ilizama kwenye ghuba hii wakati wa dhoruba. Mabaharia sita walikuwa ndani ya mashua yao wazi, wamekwama kwenye mawimbi. Boti ya uokoaji ilikuwa Whitby, maili sita kutoka hapa, na bahari ilikuwa chafu kiasi kwamba haikuwezekana kuileta kwa maji. Wakaileta kwa nchi kavu. Farasi 18 na watu wapatao 200 waliivuta juu ya vilima, wengine wakitangulia kuchimba theluji iliyorundikana hadi futi saba, na wengine wakitokea Bay kuja kukutana nao njiani. Saa mbili baadaye wakaishusha kwenye mteremko huu huu kwa kamba. Safari ya kwanza wimbi lilivunja makasia, wakarudi. Ya pili wakawafikia. Wote sita waliokolewa.

"Waliishusha hapa?" Mama mdogo akauliza, akipima kwa macho upana wa njia na ukali wake.

"Hapa hapa."

"Wanaume hao." Akaendelea kushuka, ameshika ukuta.

Tumelala juu, B&B (kitanda na kifungua kinywa), kwa sababu nyumba za chini wengi hawapangishi pungufu ya usiku tatu au hata wiki nzima. Chumba cha vitanda viwili, karibu pauni mia kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Kwa asiyewahi kulala sehemu za aina hii: ni nyumba ya mtu. Mwenyewe anakaa huko nyuma, wewe unapewa funguo na ngazi nyembamba iliyotandikwa zulia. Juu ya meza ndogo kuna sinia lenye jagi la umeme, vikombe viwili, majani ya chai, vibiskuti viwili-viwili kwenye karatasi na maziwa kwenye vikopo visivyozidi kidole gumba. Mama mdogo alifungua vikopo vitano kwa kikombe kimoja, akaniagiza nikaombe vingine. Mwenye nyumba, bibi wa makamo mwenye maneno machache, alileta jagi zima la maziwa bila kuulizwa mara ya pili.

Swali la pili lilikuwa kibla. Pangani kibla ni kaskazini, karibu wima kabisa, na Mama mdogo ameelekea kaskazini maisha yake yote. Hapa simu ikaonyesha mashariki kuelekea kusini, yaani dirishani, yaani baharini. Akatandika mswala wake mbele ya pazia.

JUMANNE

Kifungua kinywa cha Kiingereza kamili kina nyama ya nguruwe kwa namna mbili na soseji ya damu juu yake. Nilikuwa nimeandika mapema kwamba hatuli, basi tukaletewa mayai, nyanya za kukaanga, uyoga, maharage na mkate. Ukimwambia mwenyeji kabla, hakuna tatizo. Ukisubiri mpaka sahani ifike, utakula mkate mkavu.

Ukungu ulikuwa umeondoka. Tukashuka.

Kijiji cha chini hakina barabara ila moja, mengine yote ni vichochoro. Unapita kati ya kuta mbili, unapanda vidaraja, unatokea uani kwa mtu, unajikuta umerudi ulikotoka. Chini ya nyumba kuna kijito kinachopita ndani ya handaki hadi baharini. Karne ya 18 hapa palisifika kwa magendo: chai, jini, brandi na tumbaku kutoka Uholanzi na Ufaransa vilishushwa usiku, na inasemekana robota la hariri liliweza kutoka ufukweni hadi juu ya kijiji bila kuona jua, likipitishwa nyumba hadi nyumba. Ushuru wa chai nyakati hizo ulikuwa mkubwa kupita kiasi, na kijiji kizima kilijua nani kabeba nini. Mama mdogo hakushangaa hata kidogo. Mtu wa Pangani hafundishwi habari za sukari ya usiku.

Maduka ni madogo na yote yanaelekea upande mmoja. Kuna la peremende za rangirangi kwenye mitungi ya kioo. Kuna la visukuku, konokono wa mawe waliokatwa katikati na kung'arishwa. Kuna la picha za kuchora, na picha zenyewe ni za kijiji hiki hiki. Aiskrimu. Vitabu vya mitumba. Vyumba vya chai vyenye keki nene. Nilitafuta betri za tochi nikaambiwa nipande juu. Maziwa na gazeti, vilevile juu.

Mama mdogo alikuwa na swali lake, na siku nzima hakuliacha. "Soko liko wapi?"

"Soko gani?"

"La samaki, baba. Si umesema kijiji cha wavuvi?"

Hakuna. Kuna duka la samaki na chipsi. Tulisimama kwenye foleni, na hapa nawakumbusha Waislamu jambo ambalo wengi wanaoishi kusini mwa Uingereza hawalijui: huku Yorkshire, kwa jadi, samaki na chipsi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na wenyewe wanajivunia. Si mafuta ya mimea. Ukitaka kujua, uliza dirishani, wanajibu waziwazi. Tulipojibiwa tukatoka kwenye foleni tukala sandwichi za kaa kwenye chumba cha chai, na nikiri zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Lakini kabla ya kuondoka foleni Mama mdogo alinituma niulize samaki katoka wapi. Kijana akasema hadoki wao hutoka maji ya kaskazini ya mbali, huko Iceland na Norway, wakiwa wamegandishwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa maduka mengi ya Uingereza.

Mchana ukapita tukizunguka, na ni yeye aliyeona nilichokuwa nikikipita. Kando ya mlango baada ya mlango kumefungwa kisanduku kidogo cha chuma chenye vitufe vya namba. Ndani yake hukaa funguo. Mgeni anatumiwa namba kwenye simu, anafungua, anaingia, hakutani na mtu. Alianza kuvihesabu kwenye kichochoro kimoja akaacha. Madirisha yana mapambo yanayofanana: mashua ya mbao, kipande cha gogo lililooshwa na bahari, herufi za kusema "bahari". Kamba ya kuanikia nguo niliiona moja.

"Hawa hawauzi samaki," akasema. "Wanauza usingizi."

JUMATANO

Usiku mwezi ulikuwa mpevu. Asubuhi Mama mdogo akiwa bado kitandani akasema leo ni bamvua, na saa nne maji yatakuwa yamekupwa mbali. Nikamwambia hii ni Bahari ya Kaskazini, si Hindi. Jedwali la maji lililobandikwa ukumbini lilisema saa tano kasorobo. Hakunisemesha kitu, alivaa viatu tu.

Na kweli bahari ilikuwa imekwenda. Hapa maji yakikupwa hubaki si mchanga peke yake bali mbavu ndefu za mwamba, zimejipinda kwa duara moja baada ya jingine kufuata umbo la ghuba. Ukisimama juu ya ukuta unaziona zote. Ukuta wenyewe ni wa 1975, zege tupu, karibu mita 12 kwenda juu, na bila huo kijiji kingekuwa kinaendelea kuliwa: mwaka 1780 barabara ya zamani iliporomoka pamoja na safu za nyumba, ndiyo maana njia ya sasa inaitwa New Road ingawa ina umri wa zaidi ya miaka mia mbili.

Tulitembea ufukweni kwenda kusini hadi Boggle Hole, kama maili moja. Ni kikorongo chenye kinu cha zamani kilichogeuzwa hosteli ya vijana, na jina linatokana na boggle, kijini cha kizamani ambacho wenyeji waliamini kinaishi pangoni. Njiani watoto walikuwa wakigongagonga mawe wakitafuta visukuku. Miamba hii ni ya enzi za Jurasiki, na amonaiti hudondoka kutoka kwenye majabali bila ya mtu kuchimba. Busara ni kuokota chini na kukaa mbali na jabali lenyewe, maana hudondosha na mengine. Mama mdogo yeye alikuwa kainama kwenye vidimbwi akipekua chini ya mawe kwa kijiti. Alikuta kaa wadogo, konokono, mwani wa aina anazozijua na asizozijua. Pweza hakumkuta. Alitoa hukumu kwamba mwamba ni mzuri ila maji ni ya baridi mno kwa mnyama mwenye akili.

Onyo la kweli kwa atakayekuja: maji yakianza kurudi hayamsubiri mtu. Majabali yanafika hadi mchangani, na kuna sehemu hutakuwa na pa kupandia. Sisi tulirudi kwa njia ya juu.

Pale chini ya kijiji, panapoitwa Dock, kuna mteremko wa mawe unaoingia majini. Ndipo inapoishia njia ya miguu ya kukata Uingereza, aliyoibuni Alfred Wainwright: maili 190 hivi kutoka St Bees upande wa magharibi. Jioni tulikuta kikundi kimefika, mashavu mekundu, wakichovya viatu baharini kama desturi inavyotaka, na kila mmoja akitupa kijiwe alichokibeba tangu pwani ile nyingine. Nikamweleza Mama mdogo.

"Wamefuatwa na nani?"

"Hakuna. Wanatembea kwa kupenda."

Alifikiri. "Basi waletewe chai." Walikuwa wameshaingia baa.

Mashua chache zilikuwa zimevutwa juu, na hapo ndipo alipompata mtu wake. Mzee mmoja alikuwa akitengeneza madema. Ya kwao si ya miwaa: ni fremu ya chuma iliyovingirishiwa mpira na kufungwa wavu, ndani ina vyumba viwili. Kaa au kambakoche huingia chumba cha kwanza kufuata chambo, akitafuta njia ya kutoka anaingia cha pili, na hapo hatoki. Mama mdogo alichuchumaa akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akauzungusha, akautoa. Kisha akaonyesha kwa vidole jinsi mlango wa dema la Pangani unavyobana kwenda ndani. Mzee akaelewa kabla sijatafsiri. Alitoa kipimo cha shaba mfukoni: kambakoche ambaye gamba la mgongo halifiki milimita 87 anarudishwa majini, na jike mwenye mayai anarudishwa hata akiwa mkubwa vipi, sheria ya tangu 2017.

"Muulize anamuuzia nani."

Jibu lilikuwa refu, lakini kwa ufupi: lori la mnunuzi. Kambakoche wa pwani hii wengi huenda Ufaransa na Hispania wakiwa hai. Kusini kidogo iko Bridlington, bandari inayotajwa kuongoza Ulaya kwa kambakoche, na huko nako walaji wako mbali. Kwa hiyo hadoki wa Iceland analiwa Bay, na kambakoche wa Bay analiwa Madrid. Mama mdogo akacheka. Pweza wake naye huishia kwenye barafu Tanga akingojea meli ya Ulaya.

ALHAMISI

Mvua. Tukachukua basi kwenda Whitby.

Whitby ni mji, una daraja linalofunguka kupisha meli, ngazi 199 za kwenda kanisani na magofu ya abasia juu ya kilima. James Cook alijifunzia ubaharia hapa. Maduka yamejaa vito vya jet, jiwe jeusi ambalo kwa asili ni mti uliozikwa kwa mamilioni ya miaka; lilipata soko kubwa baada ya mume wa Malkia Victoria kufariki mwaka 1861, wanawake wa nchi nzima wakamfuata malkia kuvaa vya msiba. Tuliyaangalia kwa dakika tano.

Henrietta Street ndiko tulikokaa. Mwishoni mwake kuna kibanda cha Fortune's, wakaushaji wa samaki tangu 1872. Unaisikia harufu kabla hujauona mlango. Heringi hupasuliwa kwa mgongo, hutiwa maji ya chumvi, hutundikwa kwenye vijiti juu ya moshi wa vumbi la mbao. Kuta za ndani ni nyeusi, na weusi ule unang'aa, mafuta na masizi ya zaidi ya karne. Mama mdogo aliugusa kwa kidole akanusa. Nyumbani kwao kuna chumba cha namna hiyo, cha bibi yao, na alianza kueleza kwa Kiswahili moja kwa moja, bila kunisubiri, juu ya kuni za mkoko na jinsi moto unavyotakiwa kunyimwa hewa. Aliyekuwa kauntani alikuwa akiitikia kwa kichwa. Tukanunua jozi nne.

Heringi mwenyewe ana historia yake. Alivuliwa hadi akakaribia kwisha, na mwaka 1977 Bahari ya Kaskazini ikafungwa kwa uvuvi wake kwa miaka kadhaa. Mashua nyingi za vijiji hivi hazikurudi tena kwenye kazi hiyo.

Tulipokuwa tukikimbia mvua tulijibanza kwenye kibaraza cha dalali wa nyumba. Dirishani kulikuwa na picha za nyumba za Bay, zile zile za vichochoroni. Ndogo kabisa, vyumba viwili, kwa bei ambayo nilipoigeuza kuwa shilingi Mama mdogo aliniambia nirudie hesabu. Nikarudia. Pale pale akanieleza jambo ambalo hakuwa amelisema tangu afike: kuna mtu anaitaka nyumba yao ya Pangani, ile inayotazama mto na kivuko cha Bweni. Anataka kujenga vyumba vya wageni. Kaka zake wameshakubali, inasubiriwa saini yake.

Nikamweleza ninachokijua juu ya Whitby. Juni 2022 wakazi walipigishwa kura kama nyumba mpya ziuzwe kwa watakaoishi humo mwaka mzima tu: 2,111 walisema ndiyo, 157 wakasema hapana. Kura ile haikuwa na nguvu ya kisheria. Tangu Aprili 2025 halmashauri ya North Yorkshire inatoza nyumba za pili, zile ambazo wenyewe wanaishi kwingine, kodi maradufu. Bei dirishani hazikuonekana kushtuka.

"Na watoto wa yule mzee wa madema wanakaa wapi?"

Sikumuuliza, lakini jibu la kawaida ni mbali na bahari, kwenye nyumba za kupanga.

IJUMAA

Mama mdogo alibaki. Mwenye nyumba alikuwa akifuma gansey, sweta ya wavuvi: sufu ya buluu nzito, sindano tano, inazungushwa bila mshono ili maji yasipate pa kuingilia. Kila kijiji cha pwani hii kina nakshi yake kifuani. Wanasimulia kwamba aliyekufa maji alitambuliwa kwao kwa sweta. Ni hadithi zaidi kuliko historia, nadhani, lakini nakshi zipo. Nilipoondoka mmoja alikuwa anafuma na mwingine ametoa ukili wake kwenye mkoba anasuka, hawana lugha moja na chumba kimetulia kabisa.

Nilipanda njia ya reli ya zamani hadi Ravenscar, ncha ya kusini ya ghuba. Hapo chini kuna magofu ya kiwanda cha shabu kilichofanya kazi tangu katikati ya karne ya 17 hadi miaka ya 1860. Shabu ilihitajika ili rangi ishike kwenye nguo na ngozi ilainike. Walivunja jabali, wakarundika mawe na kuni na kuyachoma kwa miezi, wakayaloweka, wakachemsha maji yake pamoja na majivu ya mwani au mkojo wa binadamu. Mkojo uliletwa kwa meli, mwingine kutoka London. Wanasimulia kwamba waliweka yai kwenye maji yale, na likielea walijua yako tayari. Kilima kizima kimebaki na kovu la machimbo hayo, limeota nyasi.

Nilipomsimulia jioni alitaka kujua kama waliokojoa walilipwa.

JUMAMOSI

Ndiyo siku ya kubadilishana wageni, na ukitaka kuona watu wanaofanya kazi Bay, shuka Jumamosi kabla ya mchana. Vichochoro vilijaa wanawake wenye mifuko mikubwa ya mashuka, wengine wakipanda nayo michafu, wengine wakishuka nayo safi, maana gari haliwezi kufika mlangoni. Vile visanduku vya namba vilikuwa wazi vyote. Mmoja alisimama kupumua karibu nasi. Alisema anaishi Whitby, ana nyumba tano za kumaliza kabla ya saa kumi. Mama mdogo akamshika mfuko upande mmoja, wakapanda nao pamoja hadi kwenye kona.

Kwenye treni heringi walianza kunuka tulipopita Malton. Watu wawili walihama viti. Mama mdogo alikuwa ameweka simu sikioni, anaongea na kaka yake kwa sauti ya sokoni. Vyumba viwili vya uani, sawa, wapangishwe wageni, na choo kijengwe kipya. Atapika mwenyewe asubuhi. Nyumba haiuzwi.

"Sisaini," alisema. "Mwambie huyo mtu, akitaka kulala kwetu aje kama mgeni, nitamtandikia."